Tumbo la Ghafla: Saa za Kwanza Ndizo Zinazoamua



Nimeombwa nizungumzie dharura za tumbo zinazohitaji upasuaji: jinsi ya kuzitambua, jinsi ya kuzitibu, na yale matatizo yasiyo ya kawaida yanayojitokeza njiani. Vitabu vyetu huanza na orodha ya magonjwa, nayo ni ndefu. Lakini mgonjwa haji na jina la ugonjwa, anakuja ameshika tumbo. Kwa hiyo aliye mbele yake, awe daktari bingwa wa hospitali ya rufaa au muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku zahanatini, ana swali la kujibu kabla ya mengine yote: je, tumbo hili laweza kungoja hadi kesho? Jina la ugonjwa linaweza kupatikana baadaye, wakati mwingine mezani, tumbo likiwa limeshafunguliwa. Nafasi ya kuamua kungoja au kutongoja, ikishapita, imepita.

Mwaka 1921 daktari wa upasuaji wa London, Zachary Cope, alitoa kitabu kidogo kuhusu kutambua mapema maradhi ya ghafla ya tumbo. Kimechapishwa tena na tena, hata baada ya yeye kufariki, na bado kinasomwa. Kanuni yake moja inatosha kuokoa watu wengi: mtu aliyekuwa na afya yake ya kawaida akishikwa na maumivu makali ya tumbo, na maumivu hayo yakadumu saa sita, basi mara nyingi chanzo chake ni jambo linalomhusu daktari wa upasuaji. Cope huyohuyo aliyatungia mashairi mafundisho yake, akajiita Zeta, ili wanafunzi wayakariri. Sisi wenye utenzi, watu ambao hata fiqhi na historia tumezifundisha kwa beti, hatujawaandikia matabibu wetu utenzi wa tumbo. Yupo kijana humu ndani anayeweza kuifanya kazi hiyo, na ninamwomba aifanye.

Sasa tutazame saa sita hizo zinavyopita majumbani mwetu. Maumivu yanaanza saa mbili usiku, baada ya chakula. Mtu anasema ni chango. Inachemshwa tangawizi, au majani ya mpera. Saa nne anatumwa mtoto duka la dawa, anarudi na vidonge vya kutuliza msokoto pamoja na diklofenaki. Usiku wa manane mgonjwa anatapika. Mzee mmoja anashauri apigwe bomba la maji ya sabuni ili tumbo lifunguke. Alfajiri maumivu yamepungua kidogo na watu wanamshukuru Mungu, kumbe utumbo umeshatoboka na ule mkazo wa mwanzo umeachia. Mchana anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, anapewa dawa ya malaria. Anapofika hospitali ya wilaya ni jioni ya siku ya pili. Katika mlolongo huo hakuna aliyemtakia mabaya, kila mmoja alifanya alilolijua. Ndiyo maana naona mambo haya ni ya kusemwa hadharani, yasibaki darasani kwetu.

Maumivu ya tumbo yana lugha yake, na anayeielewa hupata nusu ya jibu kabla hajagusa chombo chochote. Utumbo wenyewe hausikii kisu wala moto. Unachosikia ni kuvutwa, kujaa na kukosa damu, na neva zake hupeleka habari kwa mkato tu, kwa hiyo mgonjwa huweka kiganja kizima katikati ya tumbo na kusema, "Hapa." Maumivu ya tumbo la chakula na kongosho husikika juu ya kitovu, ya utumbo mwembamba na kidole tumbo husikika kitovuni, ya utumbo mpana husikika chini yake. Utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani una neva za namna nyingine, sawa na zile za ngozi. Uchochezi ukiufikia utando huo, mgonjwa huonyesha kwa kidole kimoja. Ndivyo maumivu ya kidole tumbo yanavyoanzia kitovuni na baada ya saa kadhaa kuhamia chini kulia, kwenye theluthi ya kwanza ya mstari unaotoka mfupa wa nyonga kwenda kitovuni. Charles McBurney wa New York alipaeleza mahali hapo mwaka 1889, na hadi leo panaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ukimuuliza mgonjwa "Panauma wapi?" umeuliza nusu tu ya swali. Muulize pia, "Yalianzia wapi?"

Kisha mtazame anavyolala. Mwenye jiwe la figo hagandi mahali pamoja, anagaragara, anainuka, anainama. Mwenye usaha au choo kilichomwagika tumboni halali hivyo. Amekunja magoti, anapumua kifupikifupi, na hataki hata kitanda chake kiguswe. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi mdogo ambao naupenda sana. Waliwauliza wagonjwa kama maumivu yalizidi gari lilipopita juu ya matuta ya barabarani. Kati ya wagonjwa 34 waliothibitishwa kuwa na uvimbe wa kidole tumbo, 33 walisema ndiyo. Swali hilo halimtambulishi mgonjwa wa kidole tumbo peke yake, maana matumbo mengi huuma kwa kutikiswa, lakini mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda kilomita nyingi za makorongo na asiumie zaidi huenda tatizo lake ni jingine. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na barabara zetu zinakitoa bila kuombwa.

Ucheleweshaji haukuwa mkosi wa maskini peke yao. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alipangiwa kuvikwa taji tarehe 26 Juni 1902. Siku chache kabla alishikwa na maumivu ya tumbo na homa. Hakutaka sherehe iahirishwe, wageni wa mataifa walikuwa wameshafika London. Daktari Frederick Treves alishikilia kuwa lazima apasuliwe, na tarehe 24 Juni, ndani ya kasri la Buckingham, alifungua jipu lililozunguka kidole tumbo akatoa usaha. Mfalme alipona na akavikwa taji tarehe 9 Agosti. Miaka miwili kabla ya hapo binti yake Treves alikuwa amefariki kwa ugonjwa huohuo. Yule daktari aliyesimama mbele ya mfalme na kukataa kulegeza msimamo alijua vizuri kungoja kunaishia wapi.

Hata hivyo kuna kungoja kwa aina mbili, na hapa nawaomba wenzangu wa taaluma wanisikilize vizuri. Kumpa mgonjwa vidonge na kumwambia arudi Jumatatu ni kumtelekeza. Kumlaza, kumtundikia dripu, kuandika mapigo ya moyo, joto na presha, kisha mikono ileile kurudi kumpapasa baada ya saa mbili au tatu, hiyo ni tiba. Matumbo mengi yenye mashaka hujieleza yenyewe ndani ya muda huo: ama yanalainika, ama yanakaza. Wanaokesha na karatasi ya vipimo huona mapigo ya moyo yakipanda kutoka 90 hadi 104 hadi 120 kabla mgonjwa mwenyewe hajasema amezidiwa. Karatasi hiyo isiyo na mashine yoyote ndiyo chombo ninachokiamini kuliko vingine vyote katika wodi ya upasuaji.

Mtaniuliza kuhusu kutibu kidole tumbo kwa antibiotiki bila kisu. Ni kweli, jambo hilo limepimwa vizuri. Nchini Finland utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa ambao kidole tumbo chao hakijapasuka walipata nafuu kwa dawa peke yake. Walipofuatiliwa kwa miaka mitano, karibu wanne kati ya kila kumi walikuwa wamerudi na kupasuliwa. Wagonjwa wale walichaguliwa kwa picha za siti skani, na walikuwa na hospitali karibu. Anayeishi kisiwani Ukerewe, ambaye ugonjwa ukirudi usiku atahitaji kwanza kupata chombo cha kumvusha ziwa, hali yake ni nyingine. Kwa huyo, kama thieta ipo na mtaalamu wa usingizi yupo, rai yangu ni kumpasua.

Na jambo moja la zamani tuliache. Tulifundishwa, na Cope naye alifundisha, kwamba mgonjwa asipewe dawa kali ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji amwone, ili dalili zisifichike. Tafiti nyingi zimeshapima jambo hilo na hazikuona kwamba dawa ya maumivu inayotolewa kwa kipimo huongeza makosa ya utambuzi. Mgonjwa aliyetulizwa kidogo hukubali kupapaswa, na penye kukaza pa kweli hubaki pamekaza. Kumwacha mtu akilia saa nane ili dalili zake zibaki safi ni ukatili usio na faida.

Sasa nije kwenye matumbo ya kwetu hasa. Mwishoni mwa mwaka 2007 hospitali za wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, zilianza kupokea watu wengi waliotoboka utumbo kuliko kawaida. Ilikuwa homa ya matumbo, taifodi. Kufikia Julai 2009 wachunguzi walikuwa wamehesabu wagonjwa 577. Kati yao 249 walitoboka utumbo, na 47 walifariki. Uwiano huo ni mkubwa mno, na sehemu ya sababu ni kwamba wagonjwa wa homa ya kawaida, wale ambao hawajatoboka, wengi hawakutambuliwa wala kuhesabiwa. Wapasuaji ndio waliouona mlipuko kwa sababu uliwafikia mezani. Kimelea kilichosababisha mlipuko huo kilikuwa kimeshazoea dawa kadhaa za bei nafuu zilizotegemewa kwa miaka mingi.

Kimelea cha taifodi hujificha kwenye vijitezi vilivyo katika ukuta wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Vijitezi hivyo huvimba, hufa, na katika wiki ya pili au ya tatu ya homa ukuta hutoboka. Ugumu wa kumtambua mgonjwa huyu ni kwamba alikuwa anaumwa tangu mwanzo. Ana homa, amedhoofu, tumbo limejaa, na akili inapotea na kurudi. Hatapiga kelele siku ukuta unapotoboka. Kinachomtambulisha ni badiliko: jana tumbo lilikuwa laini, leo limekaza, jana alikunywa uji, leo kila kitu kinarudi. Muuguzi aliyemhudumia siku tatu mfululizo ataliona badiliko hilo kabla ya daktari anayepita mara moja. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari waliandika mwaka 2012 juu ya wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa taifodi, na karibu robo yao walifariki, licha ya juhudi zote. Wengi walifika wamechelewa. Kipimo cha Widal, ambacho kila duka la maabara linakiuza, hakisaidii sana hapa, maana katika nchi zenye taifodi nyingi mtu mwenye afya kabisa anaweza kuonekana anayo. Kilicho bora ni kuotesha damu maabara, na kilicho bora zaidi ni maji safi. Nimeshona tundu za taifodi na najua kuwa kila uzi niliotumia ulikuwa malipo ya bomba ambalo halikujengwa.

Tumbo jingine la kwetu ni la utumbo mpana uliojisokota. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki sehemu ya utumbo mpana iliyo kushoto chini, iitwayo sigmoidi, ni ndefu na imening'inia kwenye shina jembamba. Siku moja inajizungusha. Upepo unaingia hautoki. Mgonjwa, mara nyingi mwanamume mtu mzima, anavimba tumbo kama ngoma, hajaenda haja wala kutoa upepo tangu juzi, na pengine ameshapata hali hii mara mbili tatu ikaachia yenyewe. Picha ya eksirei huonyesha kitanzi kikubwa cha upepo kinachotoka nyonga hadi chini ya mbavu. Kama utumbo haujaoza, yaani hakuna homa, hakuna mkazo, hakuna damu haja kubwa, mpira hupitishwa kwa uangalifu kupitia njia ya haja kubwa, upepo na choo hutoka kwa kishindo, na tumbo hushuka mgonjwa akitazama. Hapo ndipo penye mtego: anajisikia vizuri, anaomba ruhusa aende shambani. Asiruhusiwe. Utumbo ule utajisokota tena, na dawa yake ni kukatwa kwa utulivu siku chache baadaye, kabla hajarudi umeoza. Ukiwa umeshaoza, unakatwa, na mara nyingi ncha ya juu hutolewa ukutani mgonjwa apate haja kupitia tumboni kwa miezi kadhaa. Henri Hartmann alieleza upasuaji huo huko Ufaransa mwaka 1921, na watu wetu wengi wanaishi leo kwa sababu yake. Wasichekwe wala wasitengwe kwa mfuko wanaovaa.

Lakini lipo tatizo adimu linalofanana na msokoto huo, nalo ni fundo. Utumbo mwembamba unajizungusha kwenye shina la sigmoidi na kufunga fundo la kweli, kila mmoja ukimkaba mwenzake. Ulaya madaktari wengi huzeeka bila kuliona. Katika Afrika na sehemu za Asia linajulikana, na Uganda ni mojawapo ya nchi zilizoliandika. Mara nyingi humkamata mtu mwenye nguvu zake, usiku, baada ya mlo mkubwa. Dalili zake zinapingana, na kupingana huko ndiko kunakolitambulisha: picha inaonyesha utumbo mpana umeziba, kisha mgonjwa anatapika mapema na kwa wingi kama aliyeziba utumbo mwembamba, na presha inashuka ndani ya saa chache, haraka kuliko msokoto wa kawaida ungefanya. Ukipitisha mpira kwa mgonjwa huyu hutafungua kitu, utapoteza muda na unaweza kutoboa. Afunguliwe tumbo mara moja baada ya kupewa maji na damu. Na mezani kuna jambo ambalo kila daktari kijana aliye mbali na bingwa alishike: usijaribu kufungua fundo lililooza. Matumbo yamejaa, yamelegea, yatapasuka mkononi mwako, na sumu iliyojikusanya itamwagika kwenye damu kwa mpigo mmoja. Bana mashina ya mishipa kwanza, kisha ukate fundo zima kama lilivyo.

Pwani kuna mtego wa namna nyingine. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na upande wa Kenya pia, mabusha yanayoletwa na minyoo ya matende yamewapata wanaume wengi, na mtu huishi na busha lake miaka ishirini. Sasa mtu huyo akipata ngiri karibu na busha, na ngiri ikabanwa, wote wanaomzunguka wanasema busha limechachamaa. Yeye mwenyewe anaona haya kuvua. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hapa anayeficha anaweza asiione wiki ijayo. Busha unaweza kushika mahali linapoishia kwa juu, na tochi ikiwekwa nyuma yake chumbani gizani mwanga hupenya. Ngiri inaendelea hadi kwenye kinena, haina mwisho wa juu, na ikibanwa inakuwa ngumu, inauma, hairudi ndani, na haisukumwi mtu akikohoa. Ngiri ya namna hiyo isikandwe wala kusukumwa kwa nguvu. Inawezekana kuirudisha ndani pamoja na pete iliyoikaba, na nje kila kitu kikaonekana sawa wakati utumbo unaoza ndani.

Ngiri ina maajabu mengine. Ile inayoitwa ya Richter hubana upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, kwa hiyo mgonjwa anaendelea kupata haja na watu wanatulia, huku sehemu iliyobanwa inakufa. Na upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo ulioandikwa katika historia ulifanywa kupitia ngiri: mwaka 1735, hospitali ya St George's, London, Claudius Amyand alimpasua mtoto wa miaka 11 mwenye ngiri inayotoa majimaji, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Mtoto alipona, na dawa ya usingizi ilikuwa bado haijagunduliwa.

Kuna pia matumbo yanayotudanganya. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuumwa tumbo hadi likakaza, na likaachia kwa maji na dawa ya maumivu. Mwenye kisukari ambacho hajui anacho anaweza kuletwa anatapika na tumbo linauma, na tiba yake ni insulini na dripu. Kichomi cha pafu la chini humfanya mtoto alalamike tumbo. Kwa hiyo kabla ya kisu pimeni sukari, sikilizeni kifua, tazameni mkojo. Na mvulana yeyote anayelalamika maumivu ya chini ya tumbo avuliwe nguo atazamwe, maana korodani iliyojisokota huanza hivyohivyo, na baada ya saa sita hivi uwezekano wa kuiokoa hushuka sana.

Matibabu kabla ya kisu nitayaeleza kwa kifupi kwa sababu yanajulikana, ingawa hayatekelezwi kila mara: dripu mbili, mpira wa puani wa kutoa matapishi, mpira wa mkojo ili tuhesabu mkojo wa kila saa, antibiotiki mapema, damu iandaliwe. Mwenye utumbo uliotoboka ananufaika na saa mbili au tatu za maandalizi haya. Kumkimbiza thieta akiwa amekauka ni kumuua kwa dawa ya usingizi.

Baada ya upasuaji, shida nyingi hutoa ishara ndogo kabla ya kubwa. Siku ya tano hadi ya nane bandeji ikilowa maji mekundu mepesi, ghafla na kwa wingi, jueni kidonda cha ndani kinaachia na mgonjwa arudi thieta kabla matumbo hayajatoka nje. Kwikwi isiyokoma pamoja na homa inaweza kuwa usaha chini ya kiwambo cha pumzi. Kuharisha kamasi kunaweza kuwa jipu nyongani, wala si chakula cha hospitali. Tumbo likivimba kiasi cha kukataa kufungwa, tusilifunge kwa nguvu, maana figo na mapafu vitakosa nafasi. Madaktari wa Bogotá, Kolombia, walifundisha dunia kushona juu yake plastiki safi ya mfuko wa dripu na kurudi siku mbili baadaye, na mbinu hiyo inawezekana katika hospitali yoyote ya wilaya.

Na lipo tatizo ambalo halina sababu ya kuwapo: kitambaa kilichosahaulika tumboni. Huweza kukaa kimya miezi au miaka, kisha kikaonekana kama uvimbe, jipu, au utumbo uliotoboka. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, kabla ya kufungua na kabla ya kufunga, na muuguzi anayehesabu awe na mamlaka ya kumzuia daktari yeyote asifunge. Hapa Tanzania tuna sehemu yetu katika historia ya jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali nane katika miji minane, London na Toronto zikiwemo, na mojawapo ilikuwa Ifakara. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: vifo katika hospitali zote kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja na watu wanaosemezana vilifanya kazi hiyo.

Nimalizie na tumbo lisilokubali maandalizi yoyote marefu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, anaumwa tumbo, amezimia chooni, amepauka, pengine anasema bega linamuuma. Bega linauma kwa sababu damu iliyojaa tumboni inagusa kiwambo, na neva ya kiwambo inatoka shingoni pamoja na zile za bega. Mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija umepasuka. Hedhi yake inaweza kuwa imechelewa siku chache tu, na huenda mwenyewe hajui kama ni mjamzito. Mwaka 1883 Lawson Tait wa Birmingham alimwokoa mgonjwa wa namna hii kwa kumfungua na kufunga mshipa unaovuja, na tangu hapo hatuna kisingizio. Usingoje presha ipande ndipo umpeleke thieta, maana haitapanda hadi mshipa ufungwe. Mahali ambapo damu haipo, damu yake mwenyewe, kama ni mbichi na safi, huchotwa tumboni, huchujwa kwa tabaka za gauzi, huingizwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, na kurudishwa mwilini mwake. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zimefanya hivyo kwa miaka mingi. Kila thieta ya wilaya inapaswa kuwa na vifaa hivyo na watu wanaojua kuvitumia.

Mwaka 2015 tume ya kimataifa ya upasuaji iliyoundwa na jarida la Lancet ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wanaoumudu, ikaweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi wawe ndani ya saa mbili kutoka mahali panapoweza kufungua tumbo, kumzalisha mama kwa upasuaji na kutibu mfupa uliovunjika na kutoka nje. Kuzipata saa mbili hizo ni kazi ya serikali, barabara na bajeti, na madiwani walio hapa nawaomba waulize kwenye vikao vyao thieta ya wilaya yao inafunguliwa saa ngapi ya usiku na nani ana ufunguo. Lakini friji ya damu haijazwi na bajeti. Mfuko wa damu hukaa kama siku 35 tu, kisha hautumiki, kwa hiyo kampeni ya mwaka mmoja haimsaidii mwanamke wa mwaka ujao. Nje ya ukumbi huu wako watumishi wa mpango wa damu salama na vitanda vyao. Mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea na uzito wa kilo 50 au zaidi, apite pale kabla hajaenda nyumbani, na baada ya miezi minne arudi tena.